Kuwatembeza wageni kwa boti yako kati ya Amu, Manda na Pate: anza na mwezi

Wageni wakishuka uwanja wa ndege wa Manda, kabla hata mizigo haijapakiwa botini, swali huwa ni lile lile: "Kesho tunatoka saa ngapi?" Jibu langu huwaudhi kidogo. Nawaambia wangoje nitazame mwezi umefika tarehe ngapi. Wanacheka, wakidhani ni maskhara ya watu wa pwani.

Mwongozo huu ni wa mwenye boti yake ndogo, ya mbao au ya faiba, anayetaka kuwatembeza marafiki wanne au watano kwa siku mbili tatu katika njia za maji za visiwa vya Lamu, au Amu kama tunavyoiita wenyewe. Boti yangu ni ya faiba, futi 23, mashine ya nje ya nguvu za farasi arobaini. Ikiwa yako ni kubwa zaidi, punguza ujasiri: penye mikoko, ukubwa ni hasara. Na ukiwatoza wageni nauli, hiyo tena si matembezi ni biashara, na masharti yake ni mengine.

Hatua ya kwanza: andika ratiba kwa maji

Hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu mambo mengine yote yanatoka hapa.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Jedwali la maji linapatikana hata kwenye simu, lakini jizoeze kukadiria bila simu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: yanajaa mnamo saa nne, lakini hayapandi sana wala hayashuki sana. Ukijua hilo tu, mtu akikupigia kukuambia atakuja tarehe fulani, unaweza kumjibu papo hapo wataona nini na hawataona nini.

Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji hayo hayaondoki kwa mwendo mmoja. Yagawe mafungu 12. Saa ya kwanza ya kupwa huondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ukipiga hesabu, saa ya tatu peke yake inakunyang'anya kama sentimita 75 chini ya boti. Kwa hiyo mgeni anapokuambia, "Tukae nusu saa tu," muulize moyoni: nusu saa ya saa ya ngapi? Ikiwa maji ndiyo kwanza yameanza kugeuka, mkubalie, anywe na kahawa. Ikiwa ni saa ya tatu, nusu saa yake ni karibu sentimita 40, na hiyo inatosha kukuacha juu ya tope.

Kanuni ya pili: penye maji haba, ingia maji yakiwa bado yanapanda. Ukigusa fungu la mchanga wakati huo, utapoteza dakika kumi, maji yatakunyanyua yenyewe. Ukigusa yakiwa yanashuka, umepwelewa, na hakuna mashine ya kukutoa.

Mimi nilijifunza haya kwa aibu. Nilikuwa na rafiki zangu wawili wa Nairobi niliosoma nao, na binamu yangu aliyekuja kutoka Maskati. Tuliingia Siyu, kijiji cha kisiwa cha Pate, kwa njia ya mikokoni, maji yamejaa saa sita mchana, safi kabisa. Ngome ikatazamwa, mafundi wa ngozi wakatembelewa, binamu yangu akaanza kujuana na mzee mmoja, kumbe wana ukoo, chai ikaja, na tende. Mimi nilikuwa natazama saa. Nilijua. Lakini nilikuwa mwenyeji, na mwenyeji anaona haya kuwainua wageni kwenye mkeka wa watu. Tuliporudi saa tisa, boti ilikuwa imelala ubavu kwenye tope kama kiboko. Maji yalirudi kuinyanyua saa tatu usiku, na usiku mimi sipiti njia ile. Tukalala Siyu kwa mzee yule yule, akatucheka mpaka asubuhi.

Tangu siku hiyo nimeweka sharti: nikiwa na wageni botini, mwenyeji ndani yangu hana kauli mpaka tumefunga kamba. Anayesema ni nahodha.

Hatua ya pili: chagua msimu, au chagua njia ya msimu

Kusi kikipamba moto, hasa Juni hadi Agosti, mlango wa bahari wa Shela si mahali pa wageni. Upepo unavuma kuingia, maji ya kupwa yanatoka, vinakutana mlangoni na mawimbi yanasimama wima. Aprili na Mei ni masika, kuna mvua na bahari chafu. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni kuzuri kwa jumla, isipokuwa ukielekea Kiwayu upepo unakupiga usoni, wageni wanafika wamelowa na kimya. Mimi napenda Oktoba na mwanzo wa Novemba, upepo umelegea na maji yameanza kuwa meupe.

Ikiwa wageni wamekuja Julai na huwezi kuwarudisha, usivunjike moyo. Baki ndani. Zunguka nyuma ya kisiwa cha Amu mpaka Matondoni wanakounda vyombo, nenda Kipungani wanakosuka mikeka, pita Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara. Njia hizo zina mikoko pande mbili na kusi hakiwapati.

Hatua ya tatu: boti na karatasi zake

Hakikisha boti imesajiliwa na kukaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na anayeendesha ana kibali chake. Halafu vifaa. Laifu jaketi moja kwa kila kichwa, na kama kuna mtoto, jaketi la saizi ya mtoto. Mvalishe gatini uone kama halimtoki kichwani, usingoje mkiwa katikati ya maji. Nanga mbili na kamba ndefu. Ndoo ya kufua maji. Makasia. Dafrau za kukinga ubavu wa boti, kwa sababu gati la Lamu lina msongamano na kila mtu ana haraka. Plagi za akiba na bisibisi, propela ya akiba, tochi, firimbi. Redio ya VHF, iwe imewashwa chaneli 16. Simu mbili za mitandao miwili tofauti ndani ya mfuko usioingiza maji, kwa kuwa kuna sehemu za Pate ambazo mtandao mmoja unakufa na mwingine unashika.

Na pondo. Vijana wenye mashine kubwa siku hizi wanaona pondo ni kitu cha wazee wa mitumbwi. Ni kijiti tu, lakini kinapima kina, kinasukuma boti mashine ikiwa imeinuliwa, kinakuzuia usiparuze mkoko, na mgeni aliyechoka kukaa unaweza kumpa asimame omo, mbele ya boti, akupimie maji. Atajiona baharia.

Mafuta yagawe mafungu matatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi usiyoigusa. Jaza Lamu. Ng'ambo utapata, lakini kwenye chupa na kwa bei ya dharura.

Hatua ya nne: aga

Mwachie mtu wa nchi kavu karatasi yenye majina ya wote walio botini, njia mtakayopita na saa ya kurudi, na mkubaliane akiona mmechelewa kiasi gani ampigie nani. Mtu huyo awe mtu wa kweli, asiwe kundi la WhatsApp.

Ukipanga kuvuka Pate kwenda visiwa vya Ndau na Kiwayu, kama kilomita 50 hivi kutoka Amu, kwanza uliza polisi na Walinzi wa Pwani hali ya usalama ikoje juma hilo. Hatujasahau mwaka 2011, watalii walipotekwa Kiwayu na hapa Manda. Watu wanaishi huko, wanavua, wanaoa, si kwamba pamefungwa. Lakini wageni ni amana, na kuuliza hakugharimu kitu. Mimi mara nyingi naishia Pate, na sijaona mgeni aliyelalamika.

Hatua ya tano: zungumza na wageni kabla hawajapanda

Fanya hivi gatini, mashine ikiwa imezimwa, kwa dakika tano.

Muulize kila mmoja pembeni kama anajua kuogelea. Ukiuliza mbele ya wote, kila mwanamume atajibu ndiyo. Wapange wakae wapi kwa uzito, si kwa urafiki: mnene na mnene wasikae ubavu mmoja. Waambie wasisimame wote upande mmoja wakiona pomboo, maana ndivyo boti ndogo hupinduka. Viatu vya kulowa, kofia yenye kamba, na leso au kikoi kimoja kila mtu, cha jua, cha upepo, na cha kujifutia.

Ambaye bahari humlevya akae karibu na tezi, nyuma ya boti, atazame mbali, asisome simu, na apewe tangawizi kabla, si baada.

Jambo ambalo wanaume wenye boti hawalisemi: choo. Boti ndogo haina. Mwanamke anayeona haya atajinyima maji ya kunywa siku nzima juani, na jioni ataumwa kichwa na utadhani ni bahari. Waambie waziwazi kwamba kila saa mbili utatia nanga penye ufuo na vichaka, na beba kipande cha turubai cha kuzungushia. Utaona nyuso zinavyofunguka.

Mwisho, waambie kwamba njiani sauti ni moja. Wote wanajua msemo wa manahodha wengi na chombo kwenda mrama, lakini waambie tena.

Hatua ya sita: safari yenyewe, mfano wa siku tatu za bamvua

Tuseme wamefika siku ya mwezi mpevu.

Siku ya kwanza maji yanajaa saa kumi alasiri. Asubuhi waache walale, au watembee ufuo wa Shela maji yakiwa yamepwa na mchanga umeshikana vizuri kwa miguu. Saa tisa ingieni ule mkono wa bahari unaokwenda Takwa, upande wa pili wa mlango kutoka Shela. Ukiingia nusu mashine, taratibu, mikoko inakukaribia pande zote mpaka sauti ya mji inapotea. Mji wa Takwa ulihamwa karne ya 17, na msikiti wake una nguzo imesimama juu ya ukuta wa kibla. Lipa kiingilio cha Makumbusho, wape wageni saa moja na robo, na saa kumi na moja kasorobo muwe mmerudi botini. Hapo maji ndiyo kwanza yanaanza kushuka, una nafasi. Ukivuta mpaka jua lizame ili wapige picha, umerudi kwenye hadithi yangu ya Siyu, na hapa hakuna mzee wa kukukaribisha, kuna mbu tu.

Siku ya pili kujaa ni karibu saa kumi na moja jioni. Toka saa nane na nusu, upite mlango ule wa Mkanda maji yakiwa yanapanda. Huu ndio barabara ya mashua za Pate, kwa hiyo hutakuwa peke yako. Kaa upande wako, punguza mwendo ukikutana na mtumbwi, mawimbi yako yatamwagia mtu samaki wake. Kabla ya kutoka, muulize nahodha yeyote aliyepita asubuhi fungu liko wapi siku hizi. Mchanga huhama, na aliyepita leo anajua kuliko ramani.

Ukitoka Mkanda, ghuba ya Manda inafunguka mbele yako na upepo unabadilika ghafla. Waonye wavae jaketi zao vizuri kabla hujafika hapo. Vilevile sasa kuna meli: bandari mpya ya Lamu ilianza kupokea meli Mei 2021, na zinaingia kupitia kati ya Manda na Pate. Njia yao ikate moja kwa moja kama unavyovuka barabara, usitembee ndani yake, na usijipe moyo kwamba wanakuona. Upande wa kambi ya jeshi, simu za picha zikae mfukoni.

Lengo lako ni Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate, ambako kuna kina cha kutosha hata maji yakipwa. Tia nanga kwa mikono yako, usimwachie mgeni anayetaka kujaribu, na hakikisha ni mchanga, si matumbawe. Nendeni mkalale mji wa Pate. Panga malazi kwa simu siku moja kabla. Si mahoteli, ni nyumba za watu, na mwenye nyumba angependa kujua apike kwa wangapi.

Siku ya tatu wageni watataka vyote viwili: Siyu na Manda Toto. Chagua kimoja. Siyu nenda kwa bodaboda, boti iache palipo na kina. Ndiyo, nimemiliki boti na ninapanda pikipiki kwenda Siyu, na silali tena kwenye tope. Anayependa kutembea anaweza kutoka Siyu kwa miguu kama saa moja mpaka magofu ya Shanga, ambako wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta misingi ya msikiti wa karne ya 8. Pate kwenyewe magofu yako mjini hasa, watu wamelima tumbaku kati ya kuta.

Wakichagua Manda Toto kuzamia na miwani, ifike saa tano na nusu, maji yakiwa yamepwa na kutulia, samaki wanaonekana vizuri. Hiyo ni kwa siku isiyo na upepo tu. Asiyejua kuogelea abaki na jaketi hata majini, na mtu mmoja, yaani wewe, abaki botini daima.

Vyovyote vile, saa kumi muwe mnaingia Mkanda kurudi, maji bado yanapanda, mfike Amu kabla ya magharibi.

Chakula

Hili halihitaji hatua. Mikate ya mofa, samaki wa kukaanga, ndimu, tende, ndizi, madafu. Wali wenye mchuzi kwenye boti inayotikisika ni kazi ya kuosha tu. Maji ya kunywa, lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na lita nyingine ambazo hakuna anayejua umezificha wapi. Taka zote zirudi nanyi.

Hatua ya saba: kushuka vijijini

Nguo za kuogelea ni za ufuoni. Kabla ya kushuka Siyu, Pate au Matondoni, mabega na magoti yafunikwe, wanawake kwa wanaume. Hapo ndipo leso ile inapofanya kazi yake ya pili. Wafundishe wageni salamu njiani, na waambie wasalimie kwanza ndipo watoe simu. Kupiga picha ni kwa ruhusa, na ukikataliwa, umekataliwa. Ijumaa adhuhuri usifike popote ukitarajia mtu wa kukupokea.

Matondoni, fundi akiwa anapigilia mbao, msimzunguke watu sita. Kaeni kivulini, atakuja mwenyewe kuwaonyesha. Nunueni kitu, hata kama ni kidogo: ndara za ngozi Siyu, mkeka Kipungani. Wageni husita kwa sababu hawajui bei. Waambie bei unayoijua kabla hawajashuka, wasije wakabishana na fundi kwa shilingi hamsini mbele yako.

Hatua ya nane: kufunga kamba

Ukirudi maji yakiwa yamepwa, ngazi za gati la chini zina mwani na zinateleza kuliko sabuni. Shuka wewe kwanza, mpe kila mgeni mkono, mizigo ije baadaye. Wengi huumia hapa, dakika moja kabla ya kufika nyumbani.

Kisha mpigie yule uliyemwachia karatasi umwambie mmefika. Wageni watakuwa wameshatangulia kutafuta chakula. Wewe inua mashine, ipitishie maji baridi, yasiyo ya bahari, mpaka chumvi itoke, anika jaketi, kausha ngama, yaani tumbo la boti, na andika kwenye daftari mafuta yaliyobaki na mahali ulipogusa chini pale Mkanda, tarehe ya mwezi na saa. Daftari langu lina kurasa mbili za Siyu.